Msimbo tunao, mazungumzo hatuna

Vijana wawili walikaa meza moja, viwiko vinakaribia kugusana, kila mmoja na kompyuta yake. Ilikuwa mchana, Kijitonyama, Dar es Salaam. Asubuhi ya siku hiyo katapila la mafundi wa barabara lilikuwa limekata waya wa intaneti unaoingia kwenye jengo letu, na bando za simu nazo zilishakwisha. Mmoja alikuwa amemaliza kurekebisha sehemu ya risiti kwenye mfumo wa ada za shule tunaoutengeneza. Mwenzake alikuwa anaihitaji sehemu hiyohiyo ndipo aendelee na yake.

Nikawauliza mbona wamekaa tu.

“Dada, tunasubiri mtandao urudi anitumie kazi yake.”

Kazi yenyewe ilikuwa pale mezani. Ili ivuke kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, umbali wa mkono mmoja, ilibidi kwanza ipite kwenye mkongo wa baharini, ifike kwenye seva za GitHub, kampuni ya Marekani inayowahifadhia watu msimbo (maandishi ya programu) wao, kisha irudi kwa njia ileile.

Ni wiki kadhaa sasa, jibu lile halijanitoka kichwani.

Kukatika kwa mtandao si jambo geni kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kutambaa karibu Afrika Mashariki nzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania yote na ikachukua siku kadhaa kurudi. Anayefanya kazi hii hapa nchini anajua kuna siku atakaa bila mtandao. Kinachonisumbua ni kwamba chombo walichokuwa wamekifungua vijana wale, yaani Git, programu ya kutunza msimbo na kila badiliko lake, kilibuniwa tangu mwanzo ili mtu asilazimike kusubiri.

## Chombo kisicho na makao makuu

Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi huria wa Linux, na wenzake walinyimwa ruhusa ya kuendelea kutumia bure BitKeeper, programu ya kampuni binafsi waliyokuwa wakitunzia msimbo wao. Torvalds akaandika ya kwake. Ndani ya siku chache Git ilikuwa imeanza kutunza msimbo wake yenyewe, na Julai mwaka huohuo akaikabidhi kwa Junio Hamano, anayeisimamia hadi leo.

Maana yake Git ilizaliwa siku mtu alipofungiwa mlango.

Ndiyo sababu ukinakili repo, yaani ghala la msimbo wa mradi, hupewi kipande. Unapewa historia yote tangu badiliko la kwanza. Kila badiliko lina alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na kutokana na yale yaliyolitangulia, kwa hiyo mtu hawezi kuchezea jambo la miaka mitatu nyuma bila alama zote zilizofuata kubadilika. Nakala ya mwanafunzi wa Dodoma na nakala ya Torvalds mwenyewe zina hadhi sawa. Hakuna mama na mtoto.

Hili lilipimwa vizuri mwaka 2011. Mwishoni mwa Agosti iligundulika kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye seva za kernel.org, nyumbani kwa msimbo wa Linux. Seva zikazimwa kwa wiki kadhaa. Mradi unaotegemea seva moja ungesimama. Torvalds alichukua nakala yake, Septemba akaiweka kwenye GitHub kwa muda, akatoa toleo la majaribio lililokuwa zamu yake, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyelazimika kuuliza kama msimbo umeguswa, kwa sababu maelfu ya watu walikuwa na nakala zenye alama zilezile.

Nalipenda tukio lile kwa sababu GitHub mle ndani ilitumika inavyostahili: mahali pa kupitia, ukimaliza unaondoka.

Basi siku ile ya katapila nikawaambia vijana wawashe hotspoti ya simu. Wakaniangalia. Bando si limeisha? Limeisha, lakini simu isiyo na bando bado inaweza kuziunganisha kompyuta mbili na kuzipa anwani zao. Mmoja akawasha SSH, njia ya kompyuta moja kuingia kwenye nyingine, kwenye kompyuta yake. Mwenzake akaiandika anwani ile, zile tarakimu zinazoanza na 192.168, mahali pa anwani ya siku zote, akavuta kazi. Ikaja papo hapo, kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona hata siku mtandao ukiwa mzima.

Kulikuwa na mwenzetu wa tatu aliyekuwa anaondoka kwenda Mbagala, huko ndiko anakofanyia kazi jioni. Tukaandika `git bundle create kazi.bundle --all`, repo nzima ikawa faili moja, ikaingia kwenye flashi. Alipofika kwake aliichomeka na Git ikaisoma faili ile kama vile inaongea na seva. Amri hii ipo miaka mingi. Sijawahi kuona kozi hata moja hapa mjini inayoifundisha.

## Kilichobaki ng'ambo

Nilidhani hapo tumemaliza. Kijana aliyepokea kazi akaendelea kuandika kidogo, halafu akageuka.

“Dada, yale maoni uliyoniandikia juzi kwenye risiti, yako wapi?”

Yalikuwa kule, GitHub.

Na siyo hayo tu. Orodha ya hitilafu zilizoripotiwa na wahasibu wa shule ilikuwa kule. Hoja ndefu tuliyobishana mwezi mzima, kama mzazi akilipa nusu ada mfumo umhesabu kuwa amelipa muhula au asubiri, tukafikia uamuzi na sababu zake, ilikuwa kule. Nani anaruhusiwa kuunganisha kazi ya nani, kule. Hata majina yetu, yale ya akaunti ambayo kila mtu anatufahamu kwayo, ni mali ya kule.

Ni sawa na kikoba ambacho kila mwanachama ana nakala ya daftari nyumbani kwake, lakini kikao hakiwezi kufanyika mpaka mwenye ukumbi afungue mlango.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Kwa miaka nimesikia watu wakisema “msimbo wetu umeshikiliwa na makampuni makubwa”, nami nikawa naitikia. Msimbo haujashikiliwa. Uko kwenye kila kompyuta iliyowahi kuunakili. Kilichoshikiliwa ni mazungumzo yanayouzunguka, na mtu yeyote aliyewahi kurithi mfumo wa mwingine anajua kwamba msimbo bila mazungumzo yake ni nusu ya kazi. Unaona mstari wa ajabu, unatamani kuufuta, na hakuna wa kukuambia kwamba uliwekwa kwa sababu benki moja hutuma namba ya malipo ikiwa na nafasi tupu mwishoni.

Ukitaka mfano wa hivi karibuni, angalia Zig. Novemba 2025 mradi wa lugha hiyo ya programu ulitangaza kuondoka GitHub na kuhamia Codeberg, jukwaa jingine la aina hiyo. Msimbo ulihama bila shida. Ripoti za zamani wakaziacha zilipo, na huko walikokwenda wakaanza kuhesabu ripoti mpya kuanzia 30000 ili namba zisigongane. Watu wenye ujuzi wa kuandika lugha nzima ya programu, na bado kubeba miaka ya mazungumzo ikaonekana ni mzigo usiobebeka.

## Milango iliyowahi kufungwa

Mtu ataniambia: wasiwasi wa nini, huduma ni bure, na ni nzuri. Ni nzuri kweli. Mimi mwenyewe nimejifunza kazi hii humo, kwa kusoma msimbo wa watu nisiowajua. Januari 2023 GitHub ilitangaza kufikisha watengeneza programu milioni 100. Hakuna maktaba duniani iliyowahi kuwakutanisha watu wengi namna ile. Microsoft ilipokubali mwaka 2018 kuinunua kwa dola bilioni 7.5 katika hisa, haikuwa inanunua programu. Git ni ya bure. Ilikuwa inanunua ule ukumbi.

Lakini milango imefungwa, na siyo mara moja.

Januari 2010 SourceForge, jukwaa la msimbo ambalo wakati huo ndilo lilikuwa kubwa, iliwazuia watumiaji wa Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Syria na Sudan kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Sudan si mbali na sisi. Mwanafunzi wa Khartoum hakuwa amefanya kosa lolote, na programu alizokuwa anazitafuta zilikuwa na leseni huria zinazosema wazi kwamba kila mtu anaruhusiwa kuzitumia. Leseni ilimruhusu, ukumbi ukamkataa.

Julai 2019 ikawa zamu ya GitHub, kwa watu wa Iran, Syria na Crimea. Wengine waliamka wakakuta repo zao za faragha hazifunguki, hata kuzipakua haiwezekani. Nitatenda haki: kampuni ilihangaika na serikali ya Marekani, na Januari 2021 ikatangaza kupata leseni ya kuwahudumia tena Wairani. Oktoba 2020 ilipoondoa youtube-dl, programu ya kupakua video, kwa madai ya chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, iliirudisha mwezi uliofuata na kutenga dola milioni 1 za kuwatetea watengeneza programu. Agosti 2022 Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuficha nyayo za sarafu za kidijitali, msimbo wake uliondolewa na akaunti za waliouchangia zikafungwa, kisha msimbo ukarudishwa baadaye. Sioni ubaya wa moyo katika haya. Naona kampuni inayotii sheria ya nchi yake, kama inavyopaswa.

Tatizo ni kwamba nchi yake si nchi yangu, na sheria ile sikuipigia kura.

Kuna pia kufungwa kwa kimyakimya, kusikohusu siasa. Machi 2015 Google ilitangaza kuifunga Google Code, jukwaa lake la msimbo. Mwezi huohuo jukwaa jingine, Gitorious, lilinunuliwa na GitLab, nalo likafungwa baadaye mwaka ule. Mwaka 2020 jukwaa la Bitbucket likaondoa repo zote za Mercurial, chombo kinachofanana na Git. Kila mara msimbo mwingi ulipona kwa sababu watu walikuwa na nakala. Kila mara mazungumzo ndiyo yaliyotawanyika.

## Seva yetu, bwana wetu

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuweka seva yake. Lilinijia na mimi.

Programu ya kuendesha jukwaa kama GitHub kwenye seva yako ipo, na ni nzuri: Forgejo. Ilitokana na Gitea, programu nyingine ya aina hiyo, mwishoni mwa 2022, baada ya Gitea kuingia chini ya kampuni na baadhi ya wachangiaji kutoridhika. Inasimamiwa chini ya mwavuli wa Codeberg, chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, ambacho wanachama wake hupiga kura. Ni faili moja tu, inaendesha hata kwenye kompyuta ndogo ya kiganjani kama Raspberry Pi. Tuliiweka ofisini kwenye kompyuta ya zamani, tukaipa betri ya akiba, na waya wa nje ukikatika sisi mle ndani hatujui kama umekatika. Maoni, hitilafu, ruhusa, vyote viko chumbani. Vijana walifurahi sana.

Mimi sikulala vizuri.

Kwanza kuna mambo ya kawaida. Nani ataamka usiku diski ikifa? Luku ikiisha Jumapili? Na seva ndogo ikiwa wazi kwenye intaneti inavamiwa kama kubwa, bila jeshi la kuilinda. SourceHut, jukwaa ninaloliheshimu kwa sababu linafanya ukaguzi wa msimbo kwa barua pepe na hivyo mazungumzo hubaki kwenye sanduku la kila mshiriki, lilishambuliwa Januari 2024 na likawa chini kwa takriban wiki nzima. Wakalazimika kuhamishia huduma zao Amsterdam. Hao ni watu wanaofanya kazi hiyo tu kila siku.

Ila hayo yanatatulika kwa fedha na nidhamu. Lililonikosesha usingizi ni jingine. Nenosiri la msimamizi wa seva ile ninalo mimi. Nikitaka kufuta hoja ya mtu, nafuta. Nikigombana na kijana mmoja nikamfungia akaunti, maneno yake ya miaka miwili yamekwenda nayo. Nikifa, sijui. Tulichokifanya ni kuuhamisha ukumbi kutoka Marekani hadi Kijitonyama na ufunguo kunikabidhi mimi. Kwa shule tunayoitengenezea mfumo, hakuna kilichobadilika: bado wanategemea mlango wa mtu mwingine, tena mtu mwenye diski moja.

Forgejo wenyewe wanalijua hili. Wamekuwa wakijenga uwezo wa seva kuzungumza na seva kwa ActivityPub, kiwango kilichopitishwa mwaka 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na ambacho ndicho kinachoziunganisha seva za mtandao wa kijamii wa Mastodon, ili mtu wa seva moja aweze kuripoti hitilafu kwenye nyingine bila kufungua akaunti mpya. Nawaombea mafanikio. Kazi hiyo bado haijafika pale ambapo naweza kuitegemea kesho asubuhi.

## Mazungumzo ndani ya repo

Wazo kwamba mazungumzo yasafiri pamoja na msimbo si jipya. Richard Hipp, aliyeandika SQLite, hazina-data iliyomo karibu katika kila simu mfukoni mwa msomaji, aliandika pia Fossil, ambamo ripoti za hitilafu na kurasa za maelezo hukaa ndani ya repo ileile. Ukinakili, umenakili vyote. SQLite yenyewe inatunzwa humo hadi leo. Lakini Fossil si Git, na kumwambia kijana aache Git ni kumwambia aache ajira.

Radicle, programu ya kushirikiana kwenye msimbo bila seva kuu, imechukua wazo hilo na kuliweka juu ya Git. Toleo lake la 1.0 lilitoka Septemba 2024. Hakuna akaunti. Ukiandika `rad auth` kompyuta yako inatengeneza jozi ya funguo, na jina lako linakuwa mlolongo mrefu wa herufi unaoanza na `did:key:z6Mk`. Ukiandika `rad init` repo yako inapata namba yake isiyotegemea anwani ya seva yoyote. Ripoti za hitilafu, maombi ya kuunganisha na maoni yake yote huandikwa kama data za Git ndani ya repo, yakiwa na saini ya aliyeyaandika.

Tulilijaribu jambo moja kwa makusudi. Tukazima rauta. Tukawasha hotspoti isiyo na bando. Kijana mmoja akafungua ripoti kwa `rad issue open`, akaeleza kwamba risiti haionyeshi jina la mwanafunzi likiwa na kistari. Mwenzake akaandika `rad node connect`, kitambulisho cha mwenzake, anwani ya 192.168 na namba ya mlango wa mawasiliano (port), 8776. Ripoti ikaonekana kwake. Akaijibu. Jibu likarudi. Akarekebisha, akatuma rekebisho, likakaguliwa, maoni yakaandikwa chini ya mstari wa msimbo unaohusika, likaunganishwa.

Yote hayo bila hata kilobaiti moja kutoka nje ya chumba.

Nilifurahi kwa namna ambayo sijaifurahia programu siku nyingi. Na kilichonigusa zaidi hakikuwa hotspoti. Katika Radicle kila repo ina wasimamizi wake wanaotajwa kwa funguo zao, na unaweza kuweka kiwango: wasimamizi watatu, wawili wakikubaliana ndipo tawi kuu linasogea. Hakuna msimamizi wa seva juu yao. Mimi nikigombana na kijana, siwezi kumfuta. Maneno yake yako kwenye nakala ya kila mtu, yana saini yake.

## Mashaka ambayo sijayamaliza

Nayaandika wazi kwa sababu nimesoma sifa nyingi mno za teknolojia hizi zilizoandikwa na watu wenye intaneti isiyokatika.

La kwanza ni njia. Kompyuta zetu nyingi zimejificha nyuma ya anwani za pamoja za kampuni za simu. Zinaweza kupiga hodi nje, hakuna anayeweza kuja kuzipigia hodi. Kwa hiyo mimi nikiwa Kijitonyama na mwenzangu akiwa Mbagala, kompyuta zetu hazionani mpaka tukutane kwenye nodi ya umma, yaani kompyuta ya mtandao wa Radicle iliyo hewani muda wote. Mtu mwenye haraka atasema basi tumerudi kwenye seva. Nimelitafakari sana, na nadhani hapana. Nodi ile inabeba tu. Haimiliki majina yetu, haiamui nani msimamizi, ikifa leo tunawasha nyingine kesho na repo ni ileile. Hata hivyo mtu fulani lazima ailipie, na repo ikiwa ya faragha kama yetu haisambazwi kwenye nodi za umma, kwa hiyo mlipaji ni sisi.

La pili ni ufunguo. Hapa mjini kompyuta huibiwa. Kwenye jukwaa la kawaida ukipoteza nenosiri unabonyeza, unatumiwa barua pepe, umerudi. Ufunguo wa Radicle ukipotea bila nakala, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Uhuru wa aina hii unamdai mtu nidhamu ya kutunza nakala ya ufunguo mahali pawili, na sina hakika kwamba ni haki kumdai kijana wa mwaka wa pili chuoni.

La tatu ni Windows. Radicle ilikulia kwenye Linux na macOS, Windows ikabaki nyuma. Nenda darasa lolote la kompyuta Dar es Salaam uhesabu.

La nne ndilo linaloniuma. Kijana wa hapa akiomba kazi, iwe Nairobi au Berlin, anaombwa kiungo cha GitHub. Vile viraba vya kijani, vinavyoonyesha siku alizofanya kazi humo, ndivyo vyeti vyake. Kwa asiyesoma chuo chenye jina, vile viraba vimefungua milango ambayo hakuna barua ya utambulisho ingeifungua. Nikimwambia ahame, namwambia aende mahali ambapo mwajiri hatamwona. Mimi nina wateja tayari. Ni rahisi kwangu kuzungumzia uhuru. Kuna watu wanaolifanyia kazi hili, Tangled kwa mfano, iliyojengwa juu ya itifaki ileile ya mtandao wa kijamii wa Bluesky, ambapo repo hukaa kwenye seva yoyote unayoitaka na jina lako unalibeba ukihama. Ni changa. Lakini angalau wanalishika jambo lenyewe, kwamba jina la mtu na sifa yake visikae kwenye daftari la kampuni.

Kwa sasa ushauri wangu kwa vijana ni huu: kazi zenu huria ziacheni GitHub zionekane, na wekeni nakala inayojisasisha Codeberg. Nakala ya aina hiyo inaandaliwa mara moja na baada ya hapo haikudai chochote. Uamuzi mkubwa mkishaufikia kwenye mabishano ya mtandaoni, uandikeni pia kwenye faili ya maandishi ndani ya repo, na sababu zake. Hilo halihitaji teknolojia mpya hata moja, na ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu.

## Mfumo wa ada unakokwenda

Mfumo wa ada za shule si huria, hauhitaji kuonekana na mwajiri yeyote, na unawahusu watu wanaoweza kuumia tukitoweka. Kwa hiyo huo tunauhamishia Radicle, ukiwa repo ya faragha. Tumekodi seva ndogo yenye anwani ya umma iwe nodi ya kubebea. Ile kompyuta ya zamani ya ofisini nayo itakuwa nodi, kwa siku za katapila. Mazungumzo ya zamani tunayavuta kutoka GitHub kupitia API, njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine, na kuyaweka kama faili ndani ya repo; hayatakuwa na mpangilio mzuri, ila yatakuwepo.

Wasimamizi ni watatu, wawili wakikubaliana. Mmoja ni mimi. Wa pili ni yule kijana aliyeuliza maoni yake yako wapi. Wa tatu tulibishana sana. Wenzangu walitaka awe mwenzetu wa Mbagala, kwa kuwa anaujua msimbo wote. Mimi nilitaka awe mtu wa shule yenyewe, kwa sababu kama sisi sote tutaondoka, wao ndio watakaobaki na mfumo, na ni sawa wawe na sauti kabla hatujaondoka. Mwenzetu wa Mbagala aliniuliza swali la haki: mtu asiyesoma msimbo atakubali au atakataa kwa kigezo gani?

Tulimpigia mwalimu wa TEHAMA wa shule ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama atakuwa anaweza kuona kwa nini kila badiliko limefanywa. Nikamwambia ndiyo, na ataweza kuuliza humohumo na swali lake halitafutika. Akasema kusoma msimbo ataanza polepole, lakini hesabu za ada anazijua kuliko sisi, na badiliko lolote linalogusa hesabu angependa lisipite bila yeye kuliona.

Amekubali. Kompyuta yake ni ya Windows, kwa hiyo Jumamosi tunakwenda shuleni kumwekea Linux ndani yake, kumtengenezea ufunguo, na kuchapisha maneno ya siri ya ufunguo huo kwenye karatasi mbili: moja ya kwake, moja itafungiwa kwenye kabati la mhasibu pamoja na nakala ya ufunguo kwenye flashi.